Baruti Haiwi Safi Ikiwa Koponi

(Mazungumzo mbele ya wawindaji bingwa, wabeba bunduki, askari wa wanyamapori wa vijiji na wamiliki wa silaha wenye leseni, Dodoma. Yameandikwa kwa kusomwa.)

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, ndugu zangu mliotoka Manyoni, Kondoa, Chemba na hapa mjini, itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Nimepewa mada ambayo kwetu ina mlango mwembamba: namna ya kuchagua baruti inayoungua safi kwa ajili ya kujaza risasi kwa mkono. Nasema mlango mwembamba kwa sababu kumiliki bunduki na risasi kwa leseni ni jambo moja, na kutengeneza risasi ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa sebuleni kwake akashindilia risasi bila kibali. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akasema mzee yule alitufundisha kupika risasi. Sitatoa kipimo hata kimoja leo.

Basi mada hii imeingiaje kwenye ratiba? Imeingia kwa sababu ya mazungumzo ya jioni kambini. Msimu ukifunguliwa Julai 1, mgeni anashuka pori la akiba la Rungwa au la Muhesi na raifali yake ya .375 na maboksi ya risasi alizojaza mwenyewe kwao Marekani, zisizozidi kilo 5 kwa sababu ndivyo mashirika mengi ya ndege yanavyoruhusu. Chakula kikiisha anaanza: baruti hii inaacha masizi, ile ni safi, ya Vihtavuori kutoka Finland ndiyo safi kupita zote. Mwindaji bingwa anaitikia kwa kichwa. Mbeba bunduki naye anaitikia kwa kichwa, na kesho yake alfajiri yeye ndiye anayeshika ufito na kusafisha mtutu. Nataka wote wawili wawe na la kujibu.

Jibu langu ni fupi, maelezo yake ndiyo marefu. Baruti haiwi safi wala chafu ikiwa koponi. Usafi unatokea, au unakosekana, ndani ya ganda, katika muda ambao jicho haliwahi kupepesa. Unategemea mgandamizo wa gesi, ukubwa wa ganda, uzito wa kichwa cha risasi na joto la siku hiyo. Anayenunua usafi kwa kusoma maandishi ya kwenye kopo amenunua nusu ya jambo. Tena usafi wenyewe si sifa ya kwanza ya baruti. Kwangu mimi ni ya nne au ya tano.

Tuanze na baruti iliyo chafu kweli, maana hiyo tunaijua kwetu. Baruti nyeusi ya gobore ni mkaa, salfa na shura. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki vitu vigumu, hasa chumvi za potasiamu. Sehemu inatoka nje kama lile wingu jeupe, na sehemu inaganda ndani ya mtutu. Chumvi hizo zinanyonya unyevu hewani, na ndiyo sababu gobore lililopigwa jioni likaachwa hivyo hivyo linaamka na kutu. Harufu ile ya yai viza ni salfa. Hakuna ufundi wa kuifanya baruti nyeusi iwe safi. Unaweza kuisaga vizuri na kuchagua mkaa mzuri, uchafu ukapungua, lakini uchafu ni sehemu ya kemia yake.

Wazee wa Ugogo waliiona bidhaa hii mapema. Misafara ya Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita hapa hapa, ikalipa hongo kwa watemi, na baruti ilikuwa miongoni mwa mizigo iliyobebwa kwenda bara pamoja na nguo, shanga na nyaya. Mataifa ya Ulaya yalipokutana Brussels mwaka 1890 yakazuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha upenyo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani, na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Yaani kilichochafua ndicho kilichoruhusiwa.

Ajabu ni kwamba hata Wajerumani wenyewe walikuwa wamewapa askari wao wa hapa silaha za namna hiyo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, kompania nyingi za jeshi lao la Afrika Mashariki zilikuwa bado zina bunduki ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi. Ulaya ilikuwa imeachana na baruti hiyo zaidi ya miaka 20 nyuma. Askari akipiga, wingu linamuonyesha alipo. Walipowashinda Waingereza pale Tanga mwezi Novemba 1914, waliokota mamia ya bunduki za kisasa na risasi zipatazo 600,000, na kwa wapiganaji waliokuwa wakijitangaza kwa moshi wao wenyewe, hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko ushindi.

Kuna kisa kingine cha vita hiyo ambacho kinahusu mada yetu moja kwa moja. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, ikisafiri kama meli ya Denmark, ilifika Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa imejaa silaha. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaifuata na kuipiga. Meli ikazama kwenye maji mafupi, na maji hayo hayo yakaiokoa shehena isiteketee. Wajerumani wakaja kuitoa baadaye. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zikapelekwa Moshi, na kwa miezi kadhaa askari wakakaa chini kuzifungua moja moja kwa mkono: kichwa kinatolewa, baruti inamwagwa, inasafishwa na kukaushwa, fataki, yaani vile vikombe vidogo kitakoni mwa ganda vinavyotoa cheche, zilizoharibika zinabadilishwa pale zilipopatikana nyingine, kisha risasi inafungwa tena. Hiyo ndiyo kazi kubwa kabisa ya kujaza risasi kwa mkono ninayoijua katika ardhi hii. Angalieni kilichowasumbua. Baruti ya kisasa ikilowa unaweza kuianika ikarudia hali yake. Fataki ndiyo iliyowatesa. Ukifyatua, kimya. Nitairudia hiyo fataki, kwa sababu ndiyo inayoharibu mitutu ya wengi wetu huku tukiilaumu baruti.

Sasa baruti ya kisasa. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, na miaka miwili baadaye Ufaransa ikawa na raifali ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Alfred Nobel akafuata mwaka 1887 na yake iliyochanganywa nitrogliserini, na Waingereza mwaka 1889 wakapata kordaiti, ile iliyofanana na nyuzi za tambi. Msingi wa zote ni nitroselulosi: nyuzi za pamba au za mti zilizotiwa asidi ya nitriki. Hii ikiungua vizuri inageuka karibu yote kuwa gesi. Ndiyo maana tunaiita baruti isiyo na moshi.

Ila kutokuwa na moshi hakumaanishi kutokuwa na masizi. Hapa ndipo wengi wanapopotea.

Chembe ya baruti inaungua kuanzia nje kuelekea ndani, na kasi yake inaongezeka kadiri mgandamizo unavyopanda. Mgandamizo ukifika pale mtengenezaji alipokusudia, chembe inakwisha kabla kichwa hakijatoka mtutuni. Usipofika, chembe zinatoka nusu zimeungua, na utazikuta ndani ya mtutu kama vumbi la njano au vijipande vinavyokwama kwenye mitambo. Gogo nene la mgunga ukilitupia juu ya vijiti vitatu linafuka tu. Si kwamba gogo ni baya, moto haukulitosha. Baruti nzito inayoungua taratibu, iliyokusudiwa kusukuma kichwa kikubwa cha raifali, ukiitia nyuma ya kichwa chepesi itakufanyia hivyo hivyo. Mtu ataandika kwamba baruti fulani ni chafu. Jirani yake anayepiga kichwa kizito kwa baruti ile ile anasema hajaona safi kama hiyo. Wote wanasema kweli.

Nitawapa tarakimu mzione tofauti. Kwa viwango vya Ulaya, risasi ya shotigani ya namba 12 ya kawaida ina kikomo cha mgandamizo cha baa 740 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Bastola ya milimita 9 ni baa 2,350. Risasi ya .470 Nitro Express, ile ya bunduki za mitutu miwili, ni baa 2,700. Na .375 H&H ni baa 4,300. Sasa nani kati yenu aliyewahi kusafisha shotigani na .375 siku moja? Shotigani inatoa masizi mengi zaidi, na haina uhusiano na uzembe wa kiwanda. Mgandamizo wake ni mdogo, mkoleo wake ni mdogo.

Mgandamizo una kazi ya pili ambayo watu hawaioni. Unalitanua ganda la shaba likabana ukuta wa chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, na kuziba. Risasi iliyojazwa kwa woga, kidogo mno, ganda lake halizibi vizuri, na gesi inarudi nyuma kupitia pembeni. Mbeba bunduki, ukiokota ganda la mgeni ukalikuta jeusi kwa nje, kuanzia shingoni kushuka mabegani, usiulize jina la baruti. Ganda limeshakwambia kwamba mgandamizo ulikuwa mdogo au shingo ya ganda imekuwa ngumu kwa kujazwa mara nyingi. Ukilikuta safi kwa nje lakini fataki imebapazwa na bolti ni nzito kufungua, hapo ndipo pa kusimamisha upigaji na kumwita mkubwa wako. Masizi yanaoshwa. Ganda lililopasuka ndani ya chemba linaondoka na jicho.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo wanaoshabikia usafi hawalisemi kwa sauti. Baruti nyingi zinazosifiwa kuwa safi kwenye bastola ni zile zinazoungua haraka sana na kuhitajika kidogo sana. Gharama ni nafuu, masizi ni machache, kila mtu anafurahi. Lakini kwa sababu ni kidogo, ganda linabaki na nafasi tupu kubwa, kiasi kwamba mtu akisahau akalijaza mara mbili haoni. Baruti nyepesi inayojaza ganda ingemwagikia mezani na kumwambia umerudia. Mimi ningekuwa katika nchi inayoruhusu kazi hii ningechagua inayojaza ganda, hata kama inaniacha na masizi vidoleni. Huo ni msimamo wangu na sitautoa.

Turudi kwenye kordaiti kidogo, maana ina somo la upande wa pili. Kordaiti ya kwanza ya Waingereza ilikuwa na nitrogliserini asilimia 58. Iliwaka kwa moto mkali, na moto mkali huunguza vizuri. Moto huo huo ukala mitutu ya raifali zao za .303, ukaikwangua pale mifereji inapoanzia, na ilipofika 1901 ikabidi wapunguze nitrogliserini hadi asilimia 30. Hadi leo baruti zenye nitrogliserini huwa na nguvu zaidi kwa ujazo ule ule na mara nyingi huacha masizi kidogo, lakini mtutu unazilipia. Mpiga shabaha wa mashindano anayechoma risasi maelfu analazimika kupiga hesabu hiyo. Mwindaji anayepiga risasi 20 kwa msimu hana haja ya kuumiza kichwa.

Ndani ya baruti wanatia vitu vingine pia, na kila kimoja kina bei yake kwenye masizi. Grafaiti inapakwa nje ya chembe ili zitiririke na zisijichaji umeme. Hiyo ndiyo inayozipa rangi ya kung'aa ya kijivu, na sehemu ya weusi mnaoupangusa ndiyo hiyo. Chumvi kidogo ya potasiamu inawekwa kupunguza mwanga wa mdomoni mwa mtutu, jambo zuri kwa askari wa usiku, ila inaongeza mabaki. Wengine wanatia bati au bismathi ili shaba ya vichwa isigande ndani ya mtutu. Kwa hiyo baruti inayotoa mwanga mdogo ina sababu ya kuwa chafu zaidi kidogo, na aliyeitengeneza alijua.

Mfano mkubwa kuliko yote wa mambo haya kwenda kombo ni M16 ya Wamarekani huko Vietnam. Bunduki ilibuniwa ikitumia baruti ya vijiti. Katikati ya miaka ya 1960 risasi zikaanza kujazwa baruti ya vidonge vya mviringo, ambayo ndani yake mlikuwa na kalisiamu kaboneti ya kutuliza asidi iliyobaki kiwandani. Kalisiamu hiyo ikaganda kwenye kijibomba cha gesi. Baruti mpya ikaongeza pia kasi ya mitambo kupita ilivyokusudiwa. Juu ya hayo, chemba hazikuwa na kromiamu, na askari walipelekwa porini bila vifaa vya kutosha vya kusafishia, huku wakiwa wameambiwa kwamba bunduki hii haihitaji usafi mwingi. Maganda yakakwama, watu wakafa wakiwa na ufito mkononi. Bunge la Marekani likafanya uchunguzi mwaka 1967. Baruti ya vidonge haikuondolewa. Walipunguza kalisiamu, wakarekebisha mitambo, wakapaka kromiamu chembani, wakagawa vifaa vya kusafishia. Baruti ile ile ya jamii ile ikaendelea kupigwa miaka na miaka.

Sasa tuje kwenye jua letu, maana hili lina uzito Dodoma kuliko masizi.

Baruti ikipata joto kabla ya kupigwa, mgandamizo unapanda. Si kwa kiasi kimoja kwa baruti zote. Nyingine zinapanda kidogo, nyingine sana. Wakati wa kordaiti hili lilijulikana vizuri. Risasi iliyofanya kazi bila shida kwenye baridi ya Uingereza ilikuja kung'ang'ania chembani India na Afrika. Ndiyo sababu zile risasi kubwa za uwindaji kuanzia .450 ya Rigby ya mwaka 1898 zilitengenezwa na ganda pana na mgandamizo mdogo, ili kuwe na nafasi ya joto. Hata .375, iliyotoka mwaka 1912, ilianza maisha yake na kordaiti. Siku hizi kuna baruti zilizotengenezwa makusudi zisibabaishwe na joto. Zile za Australia zinazouzwa Marekani na kampuni ya Hodgdon ndizo zinazojulikana zaidi. Mgeni akikuambia baruti yake ni safi, muulize imejaribiwa kwenye joto gani. Kama alijaza na kujaribu kwao wakati theluji iko chini, akafika kikomo cha juu, halafu anakuja kuwinda pori la Kizigo mwezi Oktoba, mimi ningesimama mbali kidogo na bega lake.

Na risasi zisiachwe juu ya dashibodi ya Land Cruiser. Najua mnaziacha, nimeona hapo nje nilipokuwa naingia. Gari lililofungwa juani kiangazi linapata joto kuliko kivuli chochote cha Dodoma, na ubaya wake hauishii kwenye risasi itakayopigwa mchana huo. Joto la miezi linaozesha baruti yenyewe. Nitroselulosi inajivunja taratibu na kutoa asidi, na asidi inaharakisha kuvunjika. Viwandani wanatia dawa ya kuimeza asidi hiyo, lakini dawa huisha. Ufaransa ilijifunza hili kwa msiba: manowari Iéna ililipuka Toulon mwaka 1907 ikaua zaidi ya watu 100, na Liberté ikafuata bandarini humo humo mwaka 1911 ikaua zaidi ya 200. Baruti iliyozeeka ndiyo iliyolaumiwa. Kwenye boksi lako la risasi 20 hakutakuwa na mlipuko wa manowari, lakini ukifungua ukakuta harufu kali ya siki, au ukaona ukijani umeota kwenye shingo za maganda, hizo si za kupigia shabaha "ziishe". Zipelekwe polisi zikateketezwe na wanaojua. Usizichome, usizifukie shambani.

Niliahidi kurudi kwenye fataki.

Fataki ndiyo cheche ya kwanza, na kwa miaka mingi ilikuwa na kloreti ya potasiamu. Ikipigwa inaacha kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo ndugu wa karibu wa ile ya mezani. Baruti inaweza kuwa safi kama ilivyo, chumvi hiyo inapulizwa mtutuni kila risasi. Fataki isiyo na chumvi ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1920. Remington waliitangaza yao mwaka 1927 kwa jina la Kleanbore, nami hupenda kuwakumbusha mashabiki wa baruti safi kwamba risasi hiyo, iliyouzwa kwa sifa ya kutochafua mtutu, haikusifiwa kwa baruti yake, ilisifiwa kwa fataki. Risasi nyingi za zamani za kijeshi za Kisovieti na Kichina za 7.62, hata hivyo, ziliendelea na fataki za chumvi kwa miongo mingi. Askari wa vijiji, mkipewa akiba ya zamani, chukulieni kwamba ina chumvi mpaka mthibitishiwe vinginevyo.

Mafuta hayayeyushi chumvi. Narudia kwa walioko nyuma: mafuta ya bunduki hayaondoi chumvi, yanaifunika. Kinachoiondoa ni maji. Majeshi ya zamani yalimimina maji ya moto mtutuni, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta, na hadi leo hakuna njia bora zaidi wala rahisi zaidi. Sisi wa kanda ya kati tunadanganywa na hewa yetu. Hapa ni pakavu miezi saba au minane ya mwaka. Chumvi inakaa mtutuni imelala, mtutu unang'aa, mtu anasema bunduki yangu haina shida. Kisha anasafiri nayo kwenda Kilombero au Dar es Salaam, inapata unyevu, na baada ya siku chache mtutu una vidonda. Anailaumu bahari.

Masizi ya baruti yenyewe hayana haraka hiyo. Ni kaboni, yanatoka kwa kiyeyushi na brashi ya shaba. Mkipitisha kitambaa kikatoka cheusi, hayo ni masizi. Kikitoka na rangi ya buluu au kijani, hiyo ni shaba ya koti la kichwa iliyoyeyushwa na dawa yenye amonia, na haihusiani na baruti kwa namna yoyote ya moja kwa moja. Nimesikia baruti nyingi nzuri zikilaaniwa kwa rangi ya kijani. Ingizeni ufito kutokea nyuma, chembani, bunduki inaporuhusu. Mdomo wa mtutu ukikwanguliwa na ufito, shabaha imeondoka na hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha. Na vumbi letu jekundu ni msasa. Ufito upanguswe kila unapotoka.

La mwisho kabla ya maswali ni mikono. Fataki nyingi za sasa zina kampaundi ya risasi, namaanisha ile metali nzito ya sumu, na vumbi lake linakaa vidoleni, kwenye mikono ya shati na kwenye kitambaa mlichosafishia. Mnawe kwa sabuni kabla ya kushika ugali. Vitambaa visiachwe watoto wanapocheza. Mama mjamzito asipewe kazi ya kufua nguo za siku ya shabaha bila kuambiwa.

Kuna ndugu aliniuliza mlangoni: basi tukinunua risasi za kiwandani, tuchague zipi zilizo safi? Chagueni zile bunduki yenu inazopiga mahali pamoja, za boksi ambalo namba yake ya toleo mnaijua, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, na mnunue za kutosha toleo moja ili msibahatishe kila msimu. Zikiwa chafu kidogo, dakika kumi za ufito zinatosha.

Chai iko tayari. Tukimaliza tutakusanyika nyuma ya ukumbi kwenye ile meza ndefu, kila mmoja alete bunduki yake ikiwa tupu, bolti imefunguliwa, risasi zimebaki kwa mtunza ghala. Maji ya moto yameshabandikwa. Wenye akiba ya zamani ya 7.62 nataka muanze nyinyi.